Kuipima raketi ya padeli uwanjani: anza na mipira mibaya, smashi iwe ya mwisho

Raketi yoyote ya padeli (mchezo unaofanana na tenisi, kwenye uwanja wenye kuta za kioo ambazo mpira unaweza kuzigonga baada ya kudunda na mchezo ukaendelea) huonekana nzuri mpira unapokuja taratibu, miguu imetulia na mkono una nafasi. Tofauti hujitokeza kwenye mipira mibaya: uliochelewa kuufikia, unaotoka kiooni ukakubana mwilini, au uliogonga pembeni mwa uso wa raketi. Ndiyo maana somo hili linaanza na ulinzi. Wengi hufanya kinyume: hupiga smashi (mipigo ya nguvu ya juu ya kichwa) kumi, wakasikia mlio mtamu, wakanunua. Wiki chache baadaye lobu zao (mipira inayopaishwa ipite juu ya mpinzani) zinaanguka katikati ya uwanja na wanajilaumu wenyewe.

Andaa raketi unayoijaribu (tuiite B), raketi uliyoizoea (A), mwenzako mwenye mkono uliotulia, mipira sita mipya ya aina moja, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, rula, chaki na daftari. Tenga saa moja na nusu.

Hatua ya 1: Mezani, kabla ya kuingia uwanjani

Pima uzito raketi ikiwa na kamba ya mkononi na gripu zake zote (tepe zinazozungushwa mpinini), kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoichezea. Uzito ulioandikwa na kiwanda mara nyingi ni kati ya namba mbili, kwa mfano gramu 360 hadi 375, kwa hiyo raketi mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kupishana kwa gramu 15. Hizo mkono unazihisi.

Kisha tafuta egemeo. Ilaze raketi juu ya ukingo wa rula, isogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote, halafu pima kutoka kwenye kitako cha mpini hadi hapo. Kwa kawaida, chini ya sentimita 25.5 uzito umekaa karibu na mkono. Juu ya 26.5 umepanda kichwani. Raketi ya mviringo huwa na egemeo la chini na kitovu (sehemu ya uso inayopiga mpira vizuri zaidi) kipana katikati ya uso. Ya umbo la almasi huwa na egemeo la juu, na kitovu chake ni kidogo na kimepanda. Ya umbo la tone iko katikati ya hizo mbili.

Funga gripu ya juu ya aina moja kwenye A na B. Ukiruka hili, utakuwa unalinganisha unene wa mipini ukidhani unalinganisha raketi.

Hatua ya 2: Mpangilio wa zamu

Usimalize mipigo yote ya A ndipo uende B. Mwanzoni mwili ni baridi, mwishoni umechoka, na raketi moja itabeba mzigo usio wake. Piga 10 kwa A, 20 kwa B, kisha 10 kwa A. Kila raketi inapata mipigo 20, na uchovu unagawanyika. Mipira iwe ileile kwa raketi zote mbili. Mpira halali ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu hudunda kati ya sentimita 135 na 145. Ukidunda chini ya hapo utaifanya raketi yoyote ionekane imekufa.

Huhitaji kuchora shabaha. Kutoka mstari wa kuanzishia mpira hadi kioo cha nyuma ni takriban mita 3. Ukanda huo ndio shabaha yetu.

Hatua ya 3: Lobu kutoka kioo cha nyuma

Hili ndilo jaribio lenye habari nyingi kuliko yote, lipe muda. Mwenzako asimame karibu na wavu na kukutumia mipira inayodunda upande wako, ikagonga kioo cha nyuma na kurudi. Wewe paisha lobu. Hesabu tu ile inayopita juu ya raketi yake aliyoiinua na kutua ndani ya ukanda wa mita 3 nyuma yake. Iliyogonga kioo moja kwa moja bila kudunda ni kosa. Iliyotua kabla ya mstari wa kuanzishia pia ni kosa, ila andika ipi ni ipi, maana sababu zake ni tofauti.

Lobu zikiwa fupi kwa B na si kwa A, mara nyingi sponji ya ndani (povu lililo kati ya nyuso mbili za raketi) ni ngumu. Mkono ukienda polepole, mpira hauibonyezi vya kutosha, kwa hiyo hairudishi kitu. Nguvu yote inabidi itoke kwako. Zikiwa ndefu kupita kiasi, raketi inatema mpira haraka na utahitaji kufupisha mkono. Lobu ndefu kwa mkono hurekebishika kwa mazoezi. Lobu fupi inayotokana na raketi ngumu kuliko mkono wako ni kazi kubwa zaidi kuirekebisha, na itakuumiza kila seti ya tatu.

Hatua ya 4: Voli ya kuzuia

Voli ni mpira unaopigwa kabla haujadunda. Simama mita 2 kutoka wavuni. Mwenzako apige kwa kasi ya wastani kutoka nyuma, nawe uweke raketi tu mbele ya mpira bila kuizungusha. Hesabu zinazovuka mstari wa kuanzishia wa upande wake. Kisha aongeze kasi na mrudie. Sponji laini hung'ara kwenye raundi ya kwanza, lakini mpira ukija kwa nguvu huigotesha na mwelekeo hupotea. Ngumu hufanya kinyume. Alama za raundi hizo mbili zisichanganywe.

Hatua ya 5: Kitovu kina upana gani?

Paka mpira chaki, piga voli 10, na baada ya kila moja tazama alama kwenye uso wa raketi, uandike imegonga wapi na mpira umetua wapi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, hasa uso ukiwa na chengachenga, kwani unga ukijaa humo raketi haiushiki mpira tena. Unatafuta mipira iliyogonga sentimita 3 au 4 kutoka fremu. Raketi yenye kitovu kipana bado itaivusha wavu ikiwa na urefu wa kuridhisha. Yenye kitovu kidogo itajipinda mkononi na mpira utadondoka. Vaa kamba mkononi. Kanuni zinailazimisha, na hapa ndipo raketi huponyoka.

Hatua ya 6: Bandeha, vibora, na sasa smashi

Bandeha na vibora ni mipigo ya juu ya kichwa inayoukata mpira: bandeha ni ya taratibu, vibora ni kali zaidi. Kumi kumi zinatosha. Usitazame kasi. Tazama mpira baada ya kugonga kioo: uliokatwa vizuri hushuka na kubaki chini, ambao raketi haikuushika huinuka na kumpa mpinzani nafasi. Mtu wa tatu akiwepo, asimame nje pembeni aandike kama mpira ulipita juu ya goti au la.

Smashi 10, na uhesabu zilizodunda, zikagonga kioo na kurejea upande wako. Basi.

Hatua ya 7: Seti moja, kisha lobu tena

Cheza seti kamili kwa B, halafu rudia lobu 10 za hatua ya 3. Ulipata 7 kati ya 10 ukiwa mpya, sasa umepata 3? Huenda raketi hiyo ni nzito kichwani kwa mkono wako, hata kama smashi zake ni za kusisimua.

Kwenye kusoma matokeo, tofauti ya mpira 1 au 2 kati ya 20 si kitu. Tofauti ya 5 au zaidi, ikijirudia siku nyingine, iamini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, raketi yangu na ya mwenzangu zote ni gramu 365 kamili, lakini yangu naihisi nzito zaidi. Nikiongeza gripu mbili mpinini itapona?*

Pima egemeo kwanza. Huenda la kwako liko juu. Gripu moja ya juu ina takriban gramu 5 na hulirudisha egemeo kama milimita 2.5, kwa hiyo mbili ni karibu nusu sentimita. Lakini angalia, ndugu yangu: kichwa hakijapungua hata gramu moja. Ikiwa imetulia mkononi utaihisi nyepesi, ila kwenye voli ya haraka uvivu wake utakuwa uleule. Juu ya hayo, mpini utakuwa mnene. Gripu husahihisha unene wa mpini. Tatizo la kichwa kizito hutatuliwa kwa kubadili raketi.

*Nitajuaje kama raketi ya zamani imekufa au ni mimi nimeshuka kiwango?*

Igonge kwa kifundo cha kidole kuzunguka uso wote. Mlio ukibadilika ghafla sehemu moja, ukawa mzito kama wa kitu kilichopasuka, huenda uso umeachana na sponji au kuna ufa ndani. Kagua pia matundu ya karibu na fremu, nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukiikuta nzima, fanya hatua ya 4 kwa kuilinganisha na raketi mpya ya aina ileile ya kuazima. Zikilingana, kazi iko kwenye miguu yako.

*Nilijaribu B asubuhi yenye baridi ikawa kama ubao, mchana ikawa laini. Kipi ni kweli?*

Vyote viwili. Sponji hukakamaa kwenye baridi na hulegea kwenye joto, na mpira nao hudunda zaidi kukiwa na joto. Jaribu saa zile unazocheza kwa kawaida. Na raketi isilale ndani ya gari lililoachwa juani. Joto lile huharibu sponji na gundi.

*Dada yangu anapata maumivu ya kiwiko tangu abadilishe raketi. Apunguze nguvu tu?*

Aache kuitumia hiyo raketi kwanza, na maumivu yakiendelea amwone mtaalamu wa afya. Akirudi uwanjani, atafute sponji laini, egemeo la chini na mpini usiomlazimu kukaba. Mpini mwembamba mno hukabwa kwa nguvu, na kila mtikisiko hupanda hadi kiwikoni. Kwa mtu kama yeye, hatua ya 5 ni muhimu kuliko ya 3, kwa sababu mipira ya pembeni ndiyo hutikisa mkono zaidi.

*Sina mwenzangu. Naweza kupima peke yangu?*

Nusu yake. Jirushie mpira kwenye kioo cha nyuma upige lobu, na upime kitovu kwa chaki. Voli ya kuzuia haiwezekani, kwani mpira unaojirushia hauji kwa kasi ya kweli, kwa hiyo nafasi yake kwenye daftari iache wazi mpaka upate mtu.