Udzungwa na bonde la Kilombero kwa miguu: jinsi ya kupanga safari hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Napeleka vikundi Mang'ula (ndo yaliko makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa), wanafunzi, watu wa maofisini, familia zenye watoto, na kuna swali moja kila kikundi kipya lazima kiulize: "tunaingiaje Udzungwa na gari letu?" Huingii. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za kuzungukia wanyama kama Mikumi, gari linabaki pale makao makuu na wewe unaingia na miguu yako. Ukishalielewa hilo kila kitu kinabadilika, viatu, maji, siku za kukaa, hadi watu unaoongozana nao. Naandika hivi kwa sababu nimeona watu wengi sana wanatoka Dar alfajiri, wanafika mchana jua kali, wanapiga picha kwenye bango, wanageuza. Inaniuma. Ile sehemu inataka ulale, usiku mbili kwa uchache.

Kwanza weka ramani kichwani. Ukisimama Mang'ula ukaangalia magharibi unaona ukuta wa milima umejaa msitu, ukigeuka mashariki ni bonde, mashamba ya miwa na mpunga mpaka macho yachoke. Maji yanayoshuka mle msituni mengine yanaingia Ruaha Mkuu huku Kidatu, mengine yanaingia Kilombero huku Ifakara, na yote yanakuja kukutana Rufiji. Hifadhi ilianzishwa 1992, ina kilometa za mraba 1,990, chini kabisa ni kama mita 250 kutoka usawa wa bahari na kilele cha Luhombero ni mita 2,576. Yaani ndani ya hifadhi moja unatoka kwenye joto la bondeni unafika kwenye ukungu na baridi ya kuvaa sweta.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni mpaka Oktoba ndo wakati wake. Mimi naipenda zaidi Juni na mwanzo wa Julai, mvua za masika zimeisha, njia zimeanza kukauka ila maporomoko bado yana maji mengi. Ukija Oktoba njia ni nzuri sana lakini maji yamepungua. Machi mpaka Mei sikushauri kama una watoto au wazee, njia zinateleza kama sabuni na vijito vya kuvuka vinajaa ghafla.

Hatua ya 2: Usafiri

Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa Dar asiye na gari ni SGR mpaka Morogoro, pale unachukua daladala au bajaji mpaka stendi ya Msamvu, unapanda basi la Ifakara. Kuna mabasi pia ya moja kwa moja kutoka Mbezi kama hutaki kubadilisha. Mwambie konda mapema kabisa, "nishushe Mang'ula, hifadhini", kwa sababu ukinyamaza utajikuta Ifakara na giza limeingia.

Wenye gari, mnafuata barabara ya Iringa, mkifika Mikumi mjini mnakata kushoto, mnapita Kidodi, Ruaha, Kidatu, Sanje, ndo Mang'ula, kutoka Mikumi ni kama kilometa 65. Lakini kabla ya Mikumi mjini kuna kile kipande cha kilometa 50 kinachopita katikati ya hifadhi ya Mikumi, naomba sana pale punguza mwendo, fuata vibao, usitupe chupa dirishani. Kugonga mnyama pale kuna faini, na hata isingekuwepo faini, twiga akiingia barabarani usiku hamna anayetoka salama, si yeye si wewe.

Halafu kuna TAZARA. Treni inasimama Mang'ula, na kabla ya kufika inakatiza pori la Nyerere, ile hifadhi ya taifa, kwa hiyo ikipita bado kuna mwanga unaona wanyama umekaa kwenye siti yako. Shida ni kwamba haipo kila siku na inaweza ikachelewa, kwa hiyo ulizia stesheni kwanza na usiipangie kama kesho yake asubuhi una kupanda mlima.

Hatua ya 3: Pa kulala

Ndani ya hifadhi, karibu na makao makuu, kuna kambi za kupiga hema chini ya miti mikubwa, na nje kijijini kuna gesti za bei ya kawaida na hoteli chache. Kwa mara ya kwanza lala ndani kama unaweza. Asubuhi unaamshwa na mbega wekundu wanaruka juu ya hema, hawa ni mbega wa Udzungwa, duniani kote wanapatikana huku tu, na unawaona hapo hapo kambini kabla hujaanza hata kutembea.

Njoo na kila kitu: hema lenye kapeti zima la chini, godoro la kukunja au mkeka mnene, blanketi, tochi ya kichwani, jiko dogo la gesi, sufuria, chumvi. Usije na panga ukitegemea kukata kuni. Zamani wanavijiji walikuwa wanaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku maalum, tangu 2011 hilo lilifungwa, na akina mama wa hapo wanaishi na hiyo katazo kila siku, kwa hiyo mgeni kuja kuvunja matawi kwa ajili ya moto wa kupigia picha ni kuwakosea. Gesi inatosha. Na chakula chote kiingie kwenye gari au kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, nyani wa pale wanajua kufungua zipu, mkate utaondoka na begi lake.

Chandarua ni lazima na dawa ya kupaka pia, hili bonde ni la malaria. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara haikuwekwa pale bure.

Hatua ya 4: Malipo na mwongozaji

Fika makao makuu jioni ya siku moja kabla. Hii ndo siri ya safari nzima. Ukifika asubuhi ya siku hiyo hiyo utaanza kusubiri kontroli namba, mtandao, mwongozaji, na saa nne jua limeshapanda. Jioni unalipia kwa simu au kadi, unapewa mwongozaji wako, mnapanga saa ya kuondoka, unalala umetulia. Njoo na kitambulisho cha taifa kwa sababu viwango vya raia na vya wageni ni tofauti kabisa. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Ada ya mwongozaji na ya kupiga kambi zinahesabiwa mbali na kiingilio, uliza zote kwa pamoja usije ukapungukiwa.

Kwa njia ndefu utapewa askari mwenye silaha. Msitu una tembo na nyati, na msituni tofauti na mbugani, humwoni tembo akiwa mbali, unamkuta kwenye kona.

Hatua ya 5: Chagua njia kwa miguu yako, sio kwa picha za rafiki yako

Siku ya kwanza nawapeleka watu kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, ni karibu na makao makuu, nusu saa hivi mmefika, yamepewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kuifungua hifadhi. Ni madogo ila yananisaidia kuona nani anahema, nani kiatu kinambana, nani anaongea njia nzima. Kuna njia ya Sonjo pia, masaa mawili na nusu hivi, inafaa familia.

Siku ya pili ni Sanje. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 na njia yake inaanzia kijiji cha Sanje, kaskazini ya Mang'ula, kwa hiyo unahitaji gari au bodaboda kufika pale kwanza. Kupanda na kushuka weka masaa manne, watu wa polepole weka matano. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukianza saa nne utaichukia ile njia, inapanda tu na joto la bondeni linakufuata mgongoni. Kila mtu lita mbili za maji, sio kikundi kizima kugawana dumu moja. Viatu raba zenye meno au buti, na uwe umeshavivaa wiki kadhaa. Kuna dada mmoja alikuja na ndala akaniambia amezoea, tulipofika katikati kamba ikakatika, nikamfunga mguu kwa kanga yangu tukashuka hivyo hivyo mpaka chini, maporomoko hakuyaona. Tangu siku hiyo nakagua viatu kabla hatujapanda gari, asiye na kiatu anabaki Prince Bernhard, sibembelezi.

Panda kwa mwendo wa mtu mzee. Kila baada ya nusu saa simameni, nyamazeni kabisa dakika tano. Hapo ndo msitu unafunguka, utasikia hondohondo mabawa yao yanavuma juu, utasikia mbega, na ukiwa na bahati utasikia ng'olaga. Huyu ni nyani wa Sanje, hana kwingine duniani zaidi ya milima hii. Watafiti walimtambua rasmi 1979, lakini wazee wa hapa walikuwa wanamjua na jina walishampa zamani. Ukimtaka hasa uliza ofisini, kuna kundi ambalo watafiti wamelizoesha watu na unaweza kufuatilia ukiwa na mwongozaji. Wengine wananiuliza kipunji, yule nyani aliyetangazwa 2005, huyo kwenye hizi njia hayupo, yuko msitu wa Ndundulu upande mwingine kabisa.

Mkifika kwenye bwawa chini ya maporomoko mnaweza kuoga, maji ni ya baridi ya kukata pumzi. Usipande juu ya mawe yenye kijani yaliyo ukingoni, hata mwongozaji akiwa ameangalia pembeni usipande. Ukifika juu angalia mashariki. Miwa, reli, vijiji, mpunga, na kule mbali kabisa pori la Nyerere. Mimi huwa nakaa pale nawaonyesha watoto kwamba maji haya yanayopita miguuni kwenu ndo yanakwenda kule, wengi hawajawahi kuona mto kuanzia juu.

Waliozoea kutembea wana njia ya Mwanihana, kilometa 38, siku tatu usiku mbili, kilele kinapita mita 2,000. Na kuna Lumemo, kama kilometa 65, siku tano. Hizo usizianze bila kujipima kwa Sanje kwanza.

Hatua ya 6: Adabu za njiani

Tembea nyuma ya mwongozaji, mmoja mmoja. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mkikuta msafara wao mnaruka, hamsimami kuangalia. Mkikuta kinyesi cha tembo cha moto mwongozaji ataamua kuzunguka au kurudi, na akisema turudi mnarudi, hata kama mmelipa. Uchafu wote unashuka na nyie, mpaka ganda la yai. Muziki wa spika acheni nyumbani.

Hatua ya 7: Shuka bondeni

Watu wengi wanaishia hapo, na mimi nasema hapana, siku ya tatu nenda Ifakara. Njiani karibu na Mang'ula utapita sehemu ambapo tembo wametengenezewa njia ya kupita chini ya barabara, ili wavuke kati ya Udzungwa na Nyerere bila kuingia mashambani mwa watu. Ukilala kijijini na usiku ukasikia mabati yanagongwa, ni watu wanalinda mpunga wao. Msikilize mwenye shamba, atakwambia mambo ya hifadhi ambayo mimi siwezi kukwambia.

Ifakara unapita mjini unakwenda mpaka kwenye daraja la Magufuli, mita 384, pale zamani watu walivuka kwa pantoni. Fika asubuhi au jioni jua likipoa. Kwenye matete pembeni ya mto ndo kwao mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa njano ambaye naye hana kwingine. Hili bonde liliingizwa 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, na ndo kwao sheshe, swala mwekundu wa majani ya mtoni. Sheshe walikuwa maelfu kwa maelfu, wamepungua sana jinsi mashamba na mifugo ilivyoingia, kwa hiyo usije na matarajio ya kuwaona pembeni ya barabara. Ukitaka mtumbwi panda na mvuvi anayeutumia kila siku, kaa chini, mikono ndani. Viboko na mamba wapo, kweli wapo.

Kabla ya kuondoka nunua mchele. Kilo tano tano kwa kila mtu, harufu yake utaikumbuka ukiwa unaupika nyumbani.

Basi la kurudi Morogoro kata tiketi jioni, asubuhi yanajaa. Na omba siti ya upande wa kushoto, dirishani. Mkipita Sanje, juu ya miwa, utaona mstari mweupe kwenye ule ukuta wa msitu. Ni pale ulipokaa juzi yake.