Simu Imejaa: Namna ya Kupata Nafasi Bila Kupoteza Picha

Simu nyingi za Android zinazoletwa kwangu kwa malalamiko kwamba zimekuwa nzito au hazipokei picha hazina kasoro yoyote isipokuwa hifadhi iliyojaa, na mara nyingi mwenye simu amekwisha kufuta programu anazozihitaji huku video za makundi ya WhatsApp, ambazo ndizo chanzo, zikibaki palepale. Mpangilio nitakaoueleza hapa ni wa kunakili kwanza, kuhakiki, ndipo kufuta, nami sishauri ubadilishwe.

Hatua ya 1: Jua kilichojaza simu
Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi. Utaona mgawanyo wa picha, video, programu na mfumo wenyewe. Simu ya GB 32 haikupi GB 32 zote, kwa kuwa Android na programu zilizokuja na simu huchukua sehemu yake kabla hujapiga picha ya kwanza.

Hatua ya 2: Nakili picha kwenye kompyuta
Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, fungua skrini, shusha arifa kwa kidole, gusa ile inayosema kuwa simu inachaji kwa USB, kisha uchague kuhamisha faili. Kompyuta isipoonyesha chochote, badilisha waya kabla ya kuilaumu simu, maana nyaya nyingi za bei nafuu hupitisha chaji tu.

Katika Windows, fungua jina la simu, halafu folda ya DCIM, ambamo kuna Camera. Picha za WhatsApp hazimo humo. Katika simu za miaka ya karibuni zimo ndani ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, kisha Media. Tumia amri ya kunakili, wala si ya kukata, kwa sababu waya ukichomoka kazi ikiwa katikati hutajua kwa urahisi ni faili zipi zimefika na zipi hazikufika. Baada ya hapo fungua folda ya simu, bonyeza Ctrl na A ili kuchagua zote, usome idadi inayoonekana chini ya dirisha, kisha ufanye vivyo hivyo kwa folda ya kompyuta. Idadi zikilingana, cheza video chache, hasa zile ndefu, uhakikishe kwamba zinafika mwisho.

Anayetumia Google Photos awe makini zaidi. Picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye akaunti, ukiifuta ndani ya programu hiyo, hufutwa kwenye simu na kwenye akaunti pia, ingawa hukaa kwenye tupio kwa siku 60. Ukitaka iondoke kwenye simu peke yake, tumia amri ya kupata nafasi kwenye kifaa, inayopatikana ukigusa picha ya akaunti yako. Kumbuka pia kwamba GB 15 za bure hutumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos.

Hatua ya 3: Safisha WhatsApp
Ndani ya WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha udhibiti wa hifadhi. Hapo kuna fungu la faili zinazozidi MB 5, fungu la zilizosambazwa mara nyingi, na chini yake orodha ya mazungumzo kuanzia lililo zito zaidi. Kwa kawaida kundi la michango ya harusi iliyokwisha kufanyika zamani huwa karibu kabisa na kilele. Anza na zilizosambazwa mara nyingi, kwa kuwa hizo ni nadra kuwa na thamani kwa yeyote.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: video unayoituma wewe mwenyewe hubaki na nakala ya pili katika folda iitwayo Sent, ambayo haionekani kwenye matunzio ya picha. Anayetuma video kila siku atakuta mzigo mkubwa humo.

Hatua ya 4: Zuia kujaa upya
Katika sehemu ileile ya hifadhi na data, ondoa alama ya video kwenye upakuaji wa moja kwa moja, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi. Kuzima mwonekano wa picha kwenye matunzio hakutoshi, kwani faili huendelea kupakuliwa, ila tu huzioni.

Hatua ya 5: Futa kache
Kwenye Mipangilio, fungua Programu, chagua iliyo nzito, uguse Hifadhi, kisha Futa kache, yaani faili za muda ambazo programu hujiwekea. Kitufe cha jirani yake, cha kufuta data, usikiguse kwa WhatsApp, kwa maana kitaondoa mazungumzo yako kwenye simu, na yasiyo na nakala rudufu hayatarudi.