Andaa tairi kabla ya kuwasha mashine ya kusaga

Wengi wanaonifuata hapa Uyole, Mbeya, kuuliza kazi ya kusaga matairi chakavu kuwa chenga za mpira, huanza na bei ya mashine. Subiri kwanza. Hasara zangu nyingi nilizipatia uani, umeme ukiwa bado haujawashwa.

1. Kununua. Barabara ya Tunduma hailali, kwa hiyo matairi hayakosekani kwa mafundi pancha kuanzia Mafinga mpaka Mbeya mjini. Nunua kwa kilo, ila mwaga maji yaliyomo kabla ya kupima. Tairi kavu la lori hufika kilo 60 hivi, la gari dogo 8 hadi 10. Lililolala nje kipindi cha mvua limebeba tope, na tope utalilipia. Ukifika nalo, liweke chini ya paa, maana maji yakituama humo mbu wa dengi huzaliana.

2. Kuchambua. Matairi yenye waya ndani kivyake, yenye nyuzi za kitambaa kivyake. Nyuzi hazishikwi na sumaku, hutolewa kwa feni, na chenga zenye manyoya hazina mnunuzi. Mimi ya nyuzi huwaachia washona makatambuga.

3. Kokoto. Hapa usione uvivu. Malori ya mbao ya Makete hurudi na kokoto zimebanwa kwenye mifereji ya tairi. Kaa na bisibisi, pitia mfereji mmoja mmoja, kisha brashi na maji. Siku moja niliruka kazi hii. Kakokoto kama punje ya hindi kakamega kisu, tukalala siku mbili bila kusaga.

4. Waya wa mdomo. Ni ule mnene wa ukingoni, tairi linapokaa kwenye rimu. Uvute mzima kwa mashine ya ndoano, uuze na chuma chakavu. Usiukate kwa grenda karibu na lundo: cheche ikishika matairi, ndoo za maji hazikusaidii.

5. Kusaga. Kata vipande vya kiganja, saga, pitisha kwenye sumaku, chekecha. Chenga za milimita 1 hadi 4 ni za viwanja vya michezo na mazulia ya mpira. Unga wa chini ya hapo huchanganywa na lami. Usijaribu kuyeyusha kama plastiki. Mpira wa tairi umepikwa na salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, hauyeyuki tena, unaungua tu.

Kabla ya kufunga gunia, mwaga chenga kwenye sinia, pitisha sumaku ya spika mbovu. Ikiinuka na vinywele vya waya, hata vitatu, rudisha mzigo kwenye mashine. Mtoto akianguka uwanjani vitamchoma magotini.