Kusoma kitabu cha kujiendeleza mpaka kikubadilishe mtazamo

Riwaya ukifika ukurasa wa mwisho, umeimaliza. Kitabu cha kujiendeleza unaweza kukimaliza mara tatu na bado ukaamka asubuhi na hofu zilezile, kwa sababu kazi yake kubwa iko kwenye mazoezi, na mazoezi ndiyo wasomaji wengi huyaruka wawahi sura inayofuata. Ndiyo maana maelezo haya yatakaa zaidi kwenye daftari na kalamu.

Kuchagua kitabu

Kabla ya kuingia dukani, maktaba, au kufungua PDF uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, andika sentensi moja: nini kinakusumbua, na kinatokea lini. "Nataka kuwa na mtazamo chanya" ni pana mno, haikuelekezi popote. "Kila bosi akiniita nawaza nafukuzwa kazi" au "nisipouza siku mbili naona biashara imekufa" ni shida inayoweza kutafutiwa kitabu.

Kisha kipe kitabu dakika kumi za ukaguzi. Pitia yaliyomo, fungua katikati, soma kurasa tatu mfululizo. Tafuta zoezi lenye maelekezo kamili: ufanye nini, kwa muda gani, uandike wapi. Kama kurasa zote tatu ni visa vya watu waliofanikiwa, kitakupa hamasa ya siku mbili na kuishia hapo. Vitabu vilivyojengwa juu ya tiba ya fikra na tabia (tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kukagua fikra zinazomsumbua), ambayo daktari wa akili Mmarekani Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960, mara nyingi huwa na mazoezi ya namna hii, na tiba yenyewe imefanyiwa utafiti mwingi.

Kiache kitabu kinachosema kila baya lililokupata umelivuta mwenyewe kwa mawazo yako. Mtu aliyefiwa au anayeuguliwa akikisoma atatoka na mzigo wa hatia juu ya msiba alio nao.

Ukishachagua, baki na hicho kimoja kwa wiki sita. Kila mwandishi ana njia yake, na ukiruka kutoka kimoja hadi kingine kila wiki, hakuna zoezi litakalopata muda wa kuzoeleka. PDF nyingine hamsini zilizo kwenye simu zisubiri.

Kusoma kwenyewe

Dakika 20 hadi 25, mara nne kwa wiki, zinatosha. Soma kurasa nane hadi kumi na mbili, funga kitabu, andika unachokumbuka kwa mistari mitano bila kuchungulia. Ndipo ufungue na kusahihisha.

Hatua hii inachosha, na wengi huiacha wakabaki kupigia mistari maneno matamu. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba dakika tano baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika waliwapita kwa mbali. Kurudia kusoma hukupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hukimbia mapema.

Kama kitabu ni cha Kiingereza, kisome hivyohivyo ikiwa unakielewa, ila daftari liandike kwa lugha unayojisemea moyoni ukiwa umevurugwa. Fikra inayouma huja na maneno yake, "mimi nina mkosi tu", "hawa wananidharau", na ni maneno hayohayo yanayotakiwa kukaguliwa.

Daftari

Chora safu tano: tukio, fikra iliyonijia, ushahidi unaoiunga mkono, ushahidi unaoipinga, fikra iliyorekebishwa. Pembeni ya fikra andika asilimia unavyoiamini. Jaza siku hiyohiyo tukio lilipotokea. Ukingoja Jumapili utaandika muhtasari, na fikra yenyewe itakuwa imeshapotea.

Mfano: fundi cherehani amerudishiwa gauni la harusi, kiuno kinabana. Fikra: "Sijui kushona, wateja wote watanikimbia", anaiamini asilimia 90. Ushahidi wa kuiunga mkono: gauni limerudi kweli, na suruali moja ilirudi mapema mwezi huu. Wa kuipinga: mwezi huu ameshona nguo 14, mbili tu ndizo zilizorudi, na vipimo vya gauni hili alivichukua harakaharaka dukani kukiwa na foleni. Fikra iliyorekebishwa: "Vipimo nilivikosea. Nimeacha sentimita mbili za mshono kila upande, kiuno kitalegea. Kuanzia kesho napima mara mbili." Sasa ile fikra ya kwanza anaiamini asilimia 35.

Tazama kwamba fikra mpya si tamu. Haisemi yeye ni fundi bora mjini. Inakubali kosa, inalipa ukubwa wake halisi, na inamwachia la kufanya. Hapo ndipo mtazamo chanya unapoanzia.

Ukikwama kwenye safu ya nne, tumia maswali matatu yanayotokana na kazi ya mwanasaikolojia Martin Seligman, aliyechunguza jinsi watu wanavyojielezea mabaya yanayowapata. Je, jambo hili ni la kudumu au la leo? Limegusa maisha yangu yote au sehemu moja? Ni mimi peke yangu, au kuna sababu nyingine? Swali la tatu lisigeuzwe njia ya kukwepa lawama. Fundi wetu kosa analo, lakini ni kosa la vipimo vya siku moja.

Kama daftari linasahaulika, lifunge kwenye jambo unalofanya kila siku: "Nikishavua viatu jioni, nakaa na daftari." Mipango ya namna hii, inayotaja lini na wapi, imechunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, naye aliona kwamba hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu ya "nitajitahidi".

Panapoharibika

Kosa linalovunja moyo zaidi ni kujiimbia sifa mbele ya kioo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha majaribio ambamo watu walirudia sentensi ya kujiambia kwamba wanapendeka. Wale waliokuwa wakijiona duni tangu mwanzo walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakuirudia. Ukijiambia usichokiamini, akili hukuletea ushahidi wa kukupinga. Sema unachoweza kukitetea: "Nimeshamaliza kazi ngumu kuliko hii."

Kosa jingine ni kujichorea picha ya mafanikio na kuishia hapo. Tafiti za mwanasaikolojia Gabriele Oettingen zinaonyesha kuwa ndoto tamu peke yake hupunguza bidii. Baada ya picha, andika kikwazo kilicho ndani yako, kisha utakachofanya kikijitokeza.

Kuna pia kumhubiria mwenye shida. Rafiki mwenye deni au mgonjwa nyumbani hahitaji kuambiwa "waza chanya", msikilize kwanza.

Na kuna hali ambayo kitabu hakitoshi. Ukikaa wiki mbili au zaidi na huzuni karibu kutwa nzima, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, mambo uliyoyapenda hayana ladha tena, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda kituo cha afya, uombe kupelekwa kwa mhudumu wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya sita

Rudi mwanzo wa daftari na uhesabu mambo mawili. Kwanza, asilimia za kuiamini fikra ya kwanza zimeshuka kwa wastani wa kiasi gani baada ya kuirekebisha. Zikishuka kwa pointi chini ya kumi, mara nyingi safu ya ushahidi imejazwa maoni. Rudia wiki mbili ukiandika tu vitu ambavyo mtu mwingine angeviona au kuvihesabu. Pili, fikra ipi imejirudia zaidi. Kama ni ya kudharauliwa, kitabu cha pili kiwe cha mahusiano na kusema unachotaka bila woga. Kama ni ya kukosa pesa, kiwe cha mipango ya fedha.