Namna ya Kusoma Alama za Epijenetiki Kwenye Ripoti ya Lukemia

Nina miaka 14 kwenye maabara ya jeni, nikipokea vichupa vya damu na uboho vya watu ambao sura zao sizijui. Mjomba wangu alipougua lukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda kwa kasi, ndipo nilipoona jinsi ripoti zetu zinavyosomwa nyumbani. Mkaza mjomba alinisogezea karatasi mezani, kidole kakikaza kwenye mstari mmoja, akaniuliza: "Mwanangu, hii asilimia 43 ni nafasi ya kupona au ya kufa?" Haikuwa hii wala ile. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye karatasi kama ile mkononi.

DNA ni maandishi. Epijenetiki ni alama zinazobandikwa juu ya maandishi hayo pasipo kugusa herufi hata moja, na ndizo zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Inayopimwa zaidi ni methili, kikundi kidogo cha kemikali kinachonata kwenye herufi C, hasa ile inayofuatwa na G. Methili zikijazana mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo huzimika. Alama nyingine hukaa kwenye histoni, protini ambazo DNA imejizungushia. Katika lukemia mpangilio huu wote huvurugika, na namna ulivyovurugika inaweza kudokeza ugonjwa utaelekea wapi.

Kabla hujatazama alama yoyote, rudi ukurasa wa kwanza utafute mambo mawili: aina ya lukemia na hali ya sampuli. Aina ni muhimu kwa sababu alama yenye maana nzito kwenye lukemia moja huenda isiwe na maana yoyote kwenye nyingine. Ukisoma mtandaoni kuhusu lukemia sugu ya limfosaiti na mgonjwa wako ana lukemia kali ya mieloidi, umesoma habari za mtu mwingine.

Sampuli nayo watu huiruka, na hapo naomba mtulie kidogo. Daktari anapovuta uboho, mvuto wa kwanza ndio wenye utajiri wa seli. Mivuto inayofuata huja imechanganyika na damu. Kila aina ya seli ina mpangilio wake wa methili. Kwa hiyo kama chupa ina blasti asilimia 10 tu, yaani zile seli changa za saratani, kipimo cha methili kitakuwa kinaeleza zaidi seli zenye afya kuliko ugonjwa. Angalia asilimia ya blasti imeandikwa. Kama haipo, iulizie. Hata kifuniko cha chupa kina habari: kwa vipimo vya jeni tunapendelea cha zambarau, chenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Cha kijani kina heparini, nayo huzuia damu isigande, lakini huzuia pia PCR, njia yetu ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea ya kijani nikaipitisha, kwa kuogopa kuirudisha. PCR ikagoma mara tatu, na mama mmoja akachomwa sindano ya uboho upya. Nilikwenda wodini kumwomba radhi. Tangu siku hiyo sijapokea chupa bila kuikagua kifuniko.

Sasa geukia mistari ya matokeo, uigawe mafungu mawili, kwani hapa ndipo wengi wanapochanganya. Fungu la kwanza ni jeni zinazoendesha alama. DNMT3A hubandika methili. TET2 huanzisha kazi ya kuibandua. IDH1 na IDH2 zikibadilika hutengeneza kemikali iitwayo 2-hidroksiglutareti, ambayo huikaba TET2 isifanye kazi. ASXL1, EZH2 na KMT2A zinahusika na alama za histoni. Kinachoripotiwa hapa ni kwamba herufi za jeni zenyewe zimebadilika. Fungu la pili ni methili zenyewe, zilizopimwa moja kwa moja.

Mstari wa mjomba ulikuwa wa fungu la kwanza: DNMT3A, p.R882H, VAF 43%. Tuusome pamoja. R882H maana yake kiungo cha 882 cha protini hiyo, kilichopaswa kuwa arijinini, kimekuwa histidini. Hapo ndipo jeni hii inapovunjika mara nyingi zaidi katika lukemia hii. VAF ni sehemu ya nakala za jeni zilizokutwa na badiliko. Kila seli ina nakala mbili, na kwa kawaida inayoharibika ni moja, hivyo 43% ya nakala ni takriban 86% ya seli zilizokuwamo kwenye chupa. Basi. Namba hiyo inahesabu seli, haihesabu siku za mtu.

Na ubashiri je? Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikuta badiliko la DNMT3A kwa wagonjwa 62 kati ya 281 wa lukemia kali ya mieloidi, na hao 62 kwa jumla waliishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Ukikomea hapo utalia. Lakini jedwali la 2022 la European LeukemiaNet, mtandao wa wataalamu wa lukemia wa Ulaya, ambalo madaktari wengi hulitumia kupanga wagonjwa kwenye makundi matatu ya hatari, haliihesabu DNMT3A peke yake. ASXL1 na EZH2 zimo, kwenye kundi la hatari kubwa, isipokuwa zikiandamana na badiliko la kundi zuri. Mjomba alikuwa na badiliko la jeni nyingine pia, NPM1, bila lile la jeni FLT3 liitwalo FLT3-ITD, na hiyo ndiyo iliyomweka kundi zuri. Alama isomwe pamoja na jirani zake. Uliza pia ni jedwali lipi limetumika: lile la 2022 lilijengwa zaidi juu ya wagonjwa waliopewa tibakemikali kali, na mwaka 2024 wataalamu haohao walitoa jingine kwa wanaopewa tiba nyepesi.

Baada ya mizunguko ya dawa ilikuja ripoti ya pili. NPM1 haikuonekana tena. DNMT3A ilikuwa bado ipo, 31%. Mkaza mjomba alinipigia usiku, sauti imekauka: "Umebaki, mwanangu. Ugonjwa umebaki." Nilimwambia akae chini, nikamweleza hivi. Mabadiliko ya DNMT3A, TET2 na ASXL1 mara nyingi huanzia kwenye seli mama za damu miaka mingi kabla ya lukemia, na hukutwa hata kwa wazee wasio na saratani yoyote. Dawa inaweza kufyeka lukemia na kuziacha seli hizo za zamani zikiendelea kutengeneza damu ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mabadiliko ya jeni hizi tatu yakibaki wakati wa nafuu kamili, yaani dalili za lukemia zikiwa zimetoweka, hayatabiri ugonjwa kurudi. Mabadiliko mengine yakibaki, hatari inapanda. Kwa mjomba, wa kufuatiliwa alikuwa NPM1. Kama kuna jambo moja tu utakalolibeba kutoka kwenye mwongozo huu, nakuomba libebe hili, maana nimeona familia zikivunjika moyo bure kwa ajili yake.

Fungu la pili, methili zenyewe. Mara nyingi tunaitibu DNA kwa kemikali iitwayo baisalfaiti. C isiyo na methili hugeuzwa na mwishowe husomeka T. Yenye methili hubaki C. Chukua kipande ACGTACG: kama C ya kwanza ina methili na ya pili haina, mashine itasoma ACGTATG. Matokeo huandikwa kama beta, kuanzia 0 hadi 1; beta ya 0.8 ina maana kwamba karibu asilimia 80 ya nakala zina methili mahali hapo. Ugeuzaji usipokamilika, C zilizobaki zitaonekana kana kwamba zina methili, hivyo maabara makini huripoti kipimo cha ugeuzaji.

Ubashiri wa fungu hili umefika mbali zaidi kwenye magonjwa machache. Kwenye lukemia sugu ya limfosaiti, mpangilio wa methili huwagawa wagonjwa makundi matatu kufuatana na seli B, aina ya seli ya kinga, ambayo ugonjwa unafanana nayo: isiyowahi kukutana na adui, yenye kumbukumbu, na ya katikati. Wenye ugonjwa unaofanana na seli za kumbukumbu kwa kawaida huenda vizuri zaidi. Kwenye lukemia ya watoto iitwayo JMML, methili nyingi huashiria hatari kubwa zaidi. Kwenye lukemia kali ya mieloidi, utafiti wa 2010 uliwapanga wagonjwa 344 katika makundi 16 ya methili, lakini upangaji huo bado si sehemu ya vipimo vya kawaida.

Mwisho tazama kama alama inafungua mlango wa dawa. IDH1 ikibadilika kuna ivosidenibu, IDH2 kuna enasidenibu. Azasitidini na desitabini hupunguza methili. Mwaka 2020, wagonjwa wasioweza tibakemikali kali waliopewa azasitidini pamoja na dawa nyingine, venetoklaksi, waliishi mediani ya miezi 14.7, dhidi ya 9.6 kwa azasitidini peke yake. Mediani maana yake nusu yao walivuka miezi hiyo, wengine kwa mbali sana.

Nilimwandikia mkaza mjomba maswali ya kwenda nayo kliniki, kwenye daftari lake la kawaida, na unaweza kuyanakili. Daktari, sampuli ilikuwa na blasti asilimia ngapi? Alama hii imemweka kundi gani, na kwa jedwali lipi? Ipi kati ya hizi mtaifuatilia, na kila baada ya muda gani? Kuna dawa inayolenga mojawapo? Na kama alama hii isingekuwepo, tiba yake ingekuwa tofauti?