Kuendesha treni ndefu ya mizigo yenye vichwa vya mbali

Mwongozo huu unahusu treni za makaa ya mawe za Wyoming, Marekani, zenye mabehewa zaidi ya 100, ambazo vichwa (injini) vyake vya nyuma havina dereva bali hutii amri za redio kutoka kichwa cha mbele. Vichwa hugawanywa kwa sababu vikipangwa vyote mbele, kiungio cha behewa la kwanza hubeba mvuto wa treni nzima, na mlimani kinaweza kukatika.

Hatua ya kwanza: panda kichwa cha nyuma, uingize namba ya kichwa cha mbele, na ueleze kama vinatazama upande mmoja au vimepeana mgongo. Ukikosea hapo, utaamuru kwenda mbele nacho kitavuta kurudi nyuma.

Hatua ya pili: rudi mbele, ingiza namba ya kichwa cha nyuma, uviunganishe kwa redio.

Hatua ya tatu ndiyo isiyorukwa kamwe. Mawimbi ya redio hufika hata reli ya jirani, kwa hiyo kuitikiwa na kichwa fulani hakuthibitishi kwamba kimo katika treni yako. Jaza upepo katika bomba la breki (linalopita treni nzima; upepo wake ukipungua, breki hufunga) hadi pauni 90 kwa inchi ya mraba, kisha upunguze upepo ukiwa mbele. Kichwa cha nyuma lazima kihisi upungufu huo kupitia bomba lenyewe. Kisipouhisi, usiondoke.

Hatua ya nne: ondoka vichwa vyote vikifuata ngazi moja ya nguvu, kati ya ngazi 8 zilizopo. Unapofunga breki, upepo hutolewa mbele na nyuma kwa pamoja, hivyo mabehewa ya mkiani hayasubiri. (Tarehe 21 Juni 2001, huko Australia, dereva mmoja aliendesha kwa njia hii vichwa 8 na mabehewa 682, treni ya kilomita 7.3.)

Hatua ya tano: ukikaribia kilele, tenganisha amri za mbele na za nyuma, madereva wa Marekani huita jambo hili kuweka uzio. Sehemu ya mbele ikianza kuteremka, ipunguzie nguvu taratibu huku ya nyuma ikiendelea kusukuma. Usiwe na pupa, kwani ukibana breki sana mbele huku nyuma kunasukumwa, mabehewa hubanana, na behewa jepesi lililo kwenye kona linaweza kuinuliwa kutoka relini.

Hatua ya sita: redio ikipotea, kwa mfano ndani ya handaki, kichwa cha nyuma huendelea na amri ya mwisho. Ukihitaji kukipunguza, punguza upepo wa bomba: kitahisi, kitashusha nguvu, na kitaacha kulisha bomba upepo, la sivyo kingefungua breki ulizofunga. Mawasiliano yakirudi, soma kwanza skrini ujue kiko katika hali gani, ndipo uondoe uzio.