Miksi ya redio: upige ngoma zako tupu au uchanganye? Hivi ndo ninavyopanga mimi

Kila nikikaa na madijei ambao wanatengeneza na biti swali linakuja lilelile, kaka nimepewa saa nzima redioni, nijaze ngoma zangu mwanzo mwisho au nipige za watu? Jibu langu: zako tano, zikizidi sana sita, halafu jasho lote limwagie kwenye kuamua zinakaa wapi. Saa moja ukipiga kila wimbo dakika mbili na nusu hivi unapata nyimbo kama 24, kwahiyo sita ni robo, sio kidogo hiyo.

Sikuipata kwenye semina. Mara ya kwanza napewa nafasi nilikuwa na ngoma 17 kwenye laptop, zote zangu, nikaziunga zote nikapeleka. Usiku wa kurushwa nikaenda kukaa kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu, redio imening'inizwa kwenye mwembe, sijamwambia mtu kuwa ni mimi. Dakika ya tisa hivi jamaa mmoja akanyoosha mkono akahamisha stesheni. Hata hakukasirika, alihamisha kama mtu anayefukuza nzi, huku anaendelea na stori zake za Simba na Yanga. Kesho yake mtangazaji ananiambia meseji zilikuja tatu, moja inauliza kama mitambo imeharibika maana wimbo hauishi.

Na kweli ulikuwa hauishi. Ngoma zako zote zina mkono mmoja, kiki ileile (kiki ya ngoma nasema, sio zile za Instagram), snea ileile uliyodownload mwaka juzi, na wewe husikii kwasababu umeishi nazo. Klabu mtu kalipa kiingilio, ana kinywaji mkononi, atakuvumilia. Wa redio hajakulipa kitu na kitufe cha kuhamisha kiko karibu na kidole.

Kuna wanaoweza kupiga zao tupu, sikatai. Angalia wasauzi kwenye amapiano, watu walikuwa wanawinda miksi makusudi ili wasikie ngoma ambayo haijatoka bado. Mtu kama Kabza De Small, dijei na prodyuza wa hukohuko, anajaza masaa na kazi zake, ila ana nyimbo kibao na ndani yake kuna waimbaji tofauti tofauti kwahiyo sikio linapumzika, halafu watu wameshamjua. Na wewe ukiitwa kama msanii, mfano unazindua EP (albamu fupi) na mtangazaji kashasema leo tunasikiliza kazi za fulani, hapo piga zako hata zote, msikilizaji kashaambiwa anachokuja kula. Nje ya hapo changanya tu ndugu yangu.

Haya sasa, namna ya kupanga.

Anza na za watu, ila usianze na hiti kubwa kuliko zote, utakosa pa kupanda. Mimi dakika kumi za kwanza sigusi ngoma yangu. Naweka tatu nne ambazo konda wa daladala anaweza kuimba nazo, mtu akishatikisa kichwa ndo unamletea yako, na unailetea katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana, usiweke zako mbili zikafuatana. Sandwichi, mkate huku mkate huku, wewe ndo yai.

Ngoma yako kali kuliko zote iweke kama dakika ya 35 hadi 40. Mwisho wa miksi watangazaji wanapenda kuongelea juu, wanasoma salamu, wanaingiza tangazo, na ngoma uliyoifanyia kazi miezi miwili inaishia chini ya "namsalimia mama Zawadi wa Mbagala". Nimelizwa hivyo mara mbili.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kujiingiza ndani ya wimbo wa mtu. Chukua sauti ya wimbo ambao watu wanaujua, iweke juu ya biti yako kwa kama baa 16 (baa moja ni mapigo manne), msikilizaji anaimba wimbo anaoujua huku anacheza kazi yako bila habari, halafu sauti ikitoka biti inabaki na hapo keshazoea. Mambo haya ya zamani sana. Chicago kulikuwa na timu ya madijei inaitwa Hot Mix 5, walianza kupiga kwenye redio ya WBMX mwaka 1981, na mmoja wao Farley Keith, yule aliyekuja kujulikana kama Farley "Jackmaster" Funk, alikuwa anaweka kiki ya mashine yake ya ngoma juu ya rekodi za watu hewani. Rekodi ya mtu, kiki yake. Ndo haus muziki ikakua kwenye masikio ya watu taratibu hivyo.

Kwa wale wa singeli, najua mnalalamika kwamba spidi yenu haiingiliani na chochote. Inaingiliana. Amapiano nyingi zinacheza kwenye biti 110 mpaka 115 kwa dakika, singeli ya 224 ni mara mbili ya 112, kwahiyo biti mbili za singeli zinakaa kwenye biti moja ya piano bila kugombana. Anza na piano ya 112, ingiza vingoma vya juu vya singeli yako taratibu ukiwa umekata besi, acha zitembee pamoja baa nane, kisha kata piano kwa mkupuo mmoja. Ikiwa singeli yako iko 260 tafuta haus ya 130, hesabu ni ileile. Ila singeli mbili zinatosha kwenye saa moja ya redio ya mchanganyiko, na usiziweke saa mbili asubuhi watu wanaenda kazini na foleni ya Ubungo, wahurumie.

Sasa sehemu ambayo inaua ngoma nyingi za maprodyuza, sauti. Ngoma ya msanii mkubwa imepita kwa mtu wa kufanya masta, yako umeibana mwenyewe saa nane usiku ukiwa na hedfoni. Zikifuatana yako inasikika kama iko chumba cha pili. Fanya hivi: weka hiti na ngoma yako pembeni kwa pembeni, punguza volyumu mpaka usikie kwa mbali sana, kisha rukaruka kati ya hizo mbili. Kama sauti ya muimbaji wako inapotea na ya yule inabaki, tatizo ni jinsi ulivyosawazisha sauti ndani ya wimbo wenyewe, rudi ukaufanyie kazi, kupandisha volyumu hakutasaidia kitu. Halafu ile log drum (besi nzito ya amapiano) unayojivunia, icheze kwenye spika ya simu. Husikii kitu eh? Basi na yule wa redio ya kwenye mwembe hasikii. Iongezee distoshen kidogo ipande juu ya besi tupu, spika ndogo zitaibeba.

Na usiibane mpaka iwe tofali. Vituo vingi vina mashine yao inayobana sauti kabla ya kurusha hewani, ukipeleka kitu ambacho tayari kimebanwa kinabanwa tena na kinatoka kama kaseti iliyokaa juani. Acha nafasi, kilele kiishie desibeli moja au mbili chini ya sifuri, toa WAV au MP3 ya 320.

Jina lako usilipige kila nusu dakika. Najua umelipia drop (ile sauti fupi inayotaja jina lako) kwa mdada mwenye sauti nzuri, lakini mara nne kwa saa zinatosha, na moja iwe juu ya intro ya ngoma yako bora ili mtu akiuliza "hii ya nani" awe kashajibiwa.

Kabla miksi haijarushwa hakikisha zile tano ziko Boomplay au Audiomack au hata YouTube, maana mtu akiipenda atatoa simu aitafute hapohapo, asipoiona kesho kaisahau. Na kama uko Bongo zisajili Cosota, ofisi ya hakimiliki, unaahirisha kila mwaka, nakujua. Matusi yasafishe mwenyewe kwenye nyimbo zote, zako na za watu, usimwachie mtangazaji, anayepigwa faini ni kituo na asiyeitwa tena ni wewe.

Ukipeleka faili ambatanisha orodha ya nyimbo, majina ya wasanii kamili, na pembeni ya zile zako andika dakika zinapoanza. Mtangazaji akiiona "38:10, yangu mpya" kuna uwezekano akaitaja. Asipoiona hawezi kuota.

Na kama umeitwa kupiga laivu studio, fomati flash yako iwe FAT32 kabla hujatoka nyumbani. CDJ nyingi (zile deki za madijei) hazisomi flash iliyofomatiwa NTFS. Beba na ya pili, uiweke mfuko mwingine.